Madame wa Jumamosi

Madame hakuwahi kumaliza kikombe cha kahawa. Alikianza dirishani, akatembea nacho hadi mlangoni, akakisahau juu ya kile chuma cha kupasha joto ukutani, kisha akaenda kumimina kingine. Darasa likiisha tulizunguka chumba kizima kukusanya vikombe vyake, kama watu wanaookota mayai ya kuku anayetaga popote. Vyote vilikuwa nusu, na vyote vimepoa.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofani, juu ya saluni ya kusuka nywele, Chaussée de Wavre, pale Matonge, mtaa wa Wakongo jijini Brussels. Chini walisuka na kubishana. Harufu ya mafuta ya nywele na ya samaki mkavu wa duka la jirani ilipanda ngazi kabla yetu. Madame alizipenda kelele zile. Akisikia wanawake wa chini wameanza kugombana, aliinua kidole tunyamaze, ingawa hakuelewa Kilingala hata neno moja. Alikuwa akisikiliza mdundo, alisema. Mtu mwenye hasira hamalizi sentensi zake, na sisi tulikuwa tunamaliza sentensi zetu kupita kiasi.

Nilikuwa mgeni Brussels wakati huo. Nilimfuata mume wangu kutoka Morogoro, nikapata kazi ya kulea watoto kwenye shule ya chekechea, na Kifaransa changu kilikuwa cha kununulia mkate tu. Parokiani niliona tangazo limebandikwa mlangoni: mwandishi kutoka Kanada anafundisha kuandika hadithi kila Jumamosi asubuhi, bure, kwa lugha yoyote. Ni hayo maneno ya mwisho yaliyonipandisha zile ngazi.

Wengi walikuja wakapotea. Tuliobaki miaka yote tulikuwa watatu. Kulikuwa na Papa Kasongo wa Likasi, fundi wa migodi aliyestaafu, ambaye hakukosa tai hata siku moja. Kulikuwa na Maman Furaha wa Bukavu, aliyefanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Na mimi. Wao walinicheka Kiswahili changu.

"Huyu dada anasemaka kama redio," alisema Maman Furaha siku ya kwanza. "Neema, kwenu, mutu akikasirika pia anasemaka hivi?"

Madame aliongea nasi Kifaransa, na pale nilipozama alinivuta kwa Kiingereza. Hapa nayaandika maneno yake kwa Kiswahili, lakini Kifaransa chake kilistahili kusikika. Kilikuwa kipana, cha puani kidogo, chenye maneno ambayo Wabelgiji walidai hayapo. Kwenye duka la mikate la Chaussée d'Ixelles walimjibu kwa Kiingereza, na yeye alitoka bila mkate, uso umewaka. Mwanamke aliyeandika vitabu, na muuza mikate anamhurumia kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Papa Kasongo ndiye aliyethubutu kuuliza. "Excusez-moi, Madame. Hii Kifaransa yako ilitokaka wapi?"

"Shimoni," akajibu.

Tukadhani ni utani. Kumbe alizaliwa kwenye mji wa nikeli kaskazini mwa Ontario, na baba yake alifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia mawe, katikati ya watu waliosema Kifaransa hicho hicho nyumbani na Kiingereza kwa bosi. Papa Kasongo aliweka kalamu chini.

"Ule moshi," akasema, "ulikuwa unabakamata hapa?" Akagusa koo.

"Hapo hapo. Kama mtu amewasha kiberiti ndani ya mdomo wako."

"Na ku rangi ya motokari?"

"Ilibabuka. Baba aliegesha gari upande wa pili wa mlima."

Basi Jumamosi hiyo hatukuandika kitu. Mzee wa Likasi na mwanamke wa Kanada walizungumza moshi hadi saluni ikafunga kwa chakula cha mchana: jinsi majani yasivyoota, jinsi nguo zilizoanikwa zinavyorudi na vitundu, jinsi usiku mlima wa takataka za madini unavyong'aa mwekundu wakimwaga. Papa Kasongo alikuwa anacheka kama kijana. Wiki iliyofuata alileta ukurasa wake wa kwanza. Akaendelea hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, kwa Kiswahili cha kwao, hadi akawa na kitabu kidogo alichokitoa kopi na kukiuza parokiani baada ya misa. Madame hakujua kukisoma, lakini alikinunua na kukishika mkononi kama mtu anayepima uzito wa mtoto mchanga.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuandika juu ya baba yake. Nilimuuliza. Alisema amejaribu mara nyingi, ila mzee anakataa kukaa kwenye kiti anachompa.

Vitabu vyake vilikuwa vya hadithi fupi. Cha kwanza kilitoka Toronto angali msichana, na watu walikisifu mno, labda kupita alivyoweza kustahimili. Cha pili kilisomeshwa vyuoni. Kwa ajili ya hivyo alipewa kazi ya kufundisha chuo kikuu, kazi ambayo wengine huisubiri maisha, naye akaiacha katikati ya mwaka wa masomo, wanafunzi wakiwa wamekaa darasani wanamsubiri. Alisema siku hiyo alifika mpaka kwenye mlango wa darasa, akasikia sauti yake mwenyewe kichwani ikirudia yale ya mwaka uliopita, neno kwa neno, akageuka. Cha tatu alikiandika akihama hama. Baada ya hapo watu wa Toronto, wachapishaji wake, walikuwa wanangoja riwaya ndefu, na waliingoja miaka yote niliyomfahamu.

Kwa nini Brussels? Maman Furaha aliambiwa ni kwa sababu ya mwanamume mmoja wa ofisi za Umoja wa Ulaya, aliyemleta kisha akamwacha. Papa Kasongo aliambiwa ni kazi. Mimi aliniambia alishuka kituo ambacho sicho akaona uvivu kurudi. Sijui hata leo ukweli ni upi. Huyu ndiye aliyekuwa akitugombeza kwa uongo mdogo tu wa kwenye karatasi. Ukiandika kwamba mama yako alikuwa mpole, alikuuliza: "Mpole kwa nani? Na saa ngapi?"

Nyumba alihama kama wengine wanavyobadilisha shuka. Saint-Gilles, Schaerbeek, Ixelles nyuma ya mabwawa, halafu Schaerbeek tena mtaa mwingine. Mara ni njiwa, mara ni mwenye nyumba, mara ni mwanga unaoingia kwa upande usiofaa. Tulimsaidia kubeba maboksi, na maboksi mengine niliyatambua kwa mkunjo wa utepe wake wa gundi: yalikuwa hayajafunguliwa tangu uhamisho wa awali. Siku nyingine alikwenda kituo cha Gare du Nord akapanda treni yoyote, akafika Antwerp au baharini Ostend, akageuza. Alisema watu husema ukweli zaidi wakiwa wanatazama nje ya dirisha.

Alikuwa na darasa lingine, la Jumatano, la kulipia, kwa wake na waume wa maofisa wa Ulaya. Huko alivaa hereni. "Jumatano nauza," alituambia, "Jumamosi nanunua."

Papa Kasongo akamtazama juu ya miwani. "Unanunuaka nini huku kwetu, Madame?"

Alicheka tu, akaenda dirishani. Sikulitilia maanani.

Kufundisha kwake kulikuwa kukata. Tulimfasiria kurasa zetu mstari kwa mstari; alipita nyuma yako na penseli, na kabla hujageuka sentensi mbili zilikuwa zimekufa. Adui yake mkubwa alikuwa machozi. "Toa machozi, acha mikono," alisema. Mhusika akilia, msomaji anapumzika, kwa sababu kazi yake imeshafanywa na mwingine. Mwonyeshe mtu anafuta meza ambayo tayari ni safi. Nilikuwa na hadithi juu ya msiba wa shangazi yangu, imejaa vilio kurasa zote. Alinirudishia imebaki aya moja: shangazi amelazwa, na dada zake wanabishana ni nani atakayevaa viatu vyake. Nilikasirika, nikakaa nyumbani Jumamosi moja. Iliyofuata nikarudi, kwa kuwa ile aya ilikuwa kweli.

Asubuhi moja ya mvua alitupa zoezi: kila mmoja aeleze kitu alichokiacha njiani. Papa Kasongo alieleza baiskeli. Mimi nilieleza saa ya ukutani ya mama yangu. Maman Furaha hakupenda kuandika. Kila mara alisema anaandika kichwani. Siku hiyo aliongea Kiswahili, akitazama meza, nami nikamfasiria Madame kwa sauti ya chini.

"Vita ilipoingia Bukavu tulitoka kwa miguu. Mutoto mumoja ku mugongo, mwingine ku mukono. Bwana yangu alikuwa amekwisha kutangulia, hatukujua kama iko muzima. Donc niko na mama yake, mama mukwe wangu. Muzee, miguu imevimba. Tukatembea, tukatembea. Batu bananipita. Tukafika pembeni ya duka moja, mwenye duka amekimbia. Nikamukalisha chini ya mabati, nikamutandikia kitenge yangu. Nikamuambia: Mama, ninaenda kutafuta mayi." Akapangusa meza kwa kiganja. "Sikurudia kule."

Mimi nilikuwa nalia waziwazi. Papa Kasongo alivua miwani akaifuta kwa tai. Hata Madame alikuwa ametulia pale dirishani, kikombe mkononi, na macho yake yalikuwa na maji. Maman Furaha alituangalia mmoja mmoja, akafungua mdomo kama anataka kuongeza kitu, kisha akaufunga.

"Iandike," alisema Madame.

"Miye siandike. Nimesema tu."

Madame hakuacha. Mwaka huo na uliofuata alimuuliza kwa upole, kwa utani, kwa hasira. Maman Furaha alijibu vilevile kila mara, na kila mara alimletea sombe, kisamvu cha kwao, kwenye kopo ili amsamehe.

Halafu Madame akabadilika. Akawa na haraka ya aina nyingine, haraka ya mtu anayejua anakokwenda. Hakuhama nyumba kwa mwaka mzima. Aliingia darasani na wino vidoleni, akatuambia riwaya imekaa sawa, kwamba watu wa Toronto wamesoma nusu na wameshaanza kuitangaza. Tulimpigia makofi. Siku chache baadaye aliniita kwake, akanipa mrundo wa karatasi.

"Sura hii nataka umsomee Maman Furaha. Kwa Kiswahili. Siwezi kuichapisha kabla hajaisikia."

Alisema *kuisikia*. Nilipokuwa kwenye tramu na karatasi mapajani ndipo nilipogundua kwamba hakusema *kuikubali*.

Tulikwenda kwa Maman Furaha Jumapili baada ya misa. Alikuwa amepika fufu, samaki na sombe, watoto wake wakubwa wametoka. Tulikula, na Madame alidokoa samaki akizunguka meza. Kisha nikasoma, nikitafsiri kutoka Kiingereza mstari kwa mstari. Nchi ilikuwa haitajwi, jina la mwanamke lilikuwa lingine. Lakini mabati ya duka yalikuwepo, kitenge kilikuwepo, na maji. Ilikuwa nzuri. Nasema hivyo nikiwa nimeisoma kwa sauti yangu mwenyewe: ilikuwa nzuri kupita yote aliyowahi kuandika. Mwishoni yule mwanamke anarudi asubuhi, anamkuta bibi amekufa pale pale, naye analia kurasa mbili nzima. Nikiwa katikati ya kilio hicho nilimtupia Madame jicho, yeye mwenye penseli ya kukata machozi. Alikuwa anatazama nje.

Maman Furaha alisikiliza akiosha vyombo. Nilipomaliza alijipangusa mikono.

"Ni muzuri," alisema. "Vraiment, Madame, uko na kipaji. Lakini ule mwanamuke analia sana."

Nikafasiri. Shingo ya Madame ikawa nyekundu. "Nitapunguza," akasema.

"Apana, usipunguze. Usikichape."

"Nitabadilisha zaidi. Mji, watoto, bibi, kila kitu."

"Ukibadirisha yote, utabakisha nini?"

"Basi niambie sababu. Niambie ni kosa gani nimefanya."

"Hakuna kosa. Ni yangu, tu."

"Lakini huiandiki!" Sauti yake ilipanda. "Umenikatalia miaka yote. Usipoiandika wewe, nisipoiandika mimi, itapotea!"

"Ipotee," alisema Maman Furaha, akaanza kupanga sahani kabatini.

Madame aliondoka akiacha koti. Nilimkimbilia nalo kwenye ngazi. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba yule mwanamke amekalia hazina asiyojua hata ni kitu gani, na kwamba watu kama hao ndio wanaofanya dunia ibaki bila habari zao. Aliposema *watu kama hao* nilimkabidhi koti nikarudi juu. Maman Furaha aliuliza amesema nini. Nikamwambia amesema asante kwa samaki.

Jumamosi kadhaa zilipita bila Madame. Tulikwenda, tukakaa, Papa Kasongo akatusomea yake, tukashuka. Alipotokea tena, alikuwa amekonda, nywele amezikata mwenyewe vibaya. Hakuvua hata skafu.

"Nimekiondoa," alisema.

"Sura ile?" nikauliza.

"Kitabu. Ukimtoa yule mwanamke hakibaki kitabu."

Maman Furaha alikuwepo. Aliinamisha kichwa, akasema polepole kwa Kifaransa, "Merci, Madame." Madame akachukua penseli yake.

Ningependa kueleza kwamba alilibeba jambo hilo kwa moyo mkunjufu. Hakulibeba hivyo. Watu wa Toronto walimkasirikia wakaachana naye; shule ya Jumatano, ambayo ilikuwa inajivunia mwandishi mwenye kitabu kipya njiani, haikumpa darasa mwaka uliofuata. Uchungu wote huo aliuleta kwetu. Alikata kurasa zetu hadi tukaogopa kuleta. Maman Furaha alimsalimia kama mtu anavyomsalimia polisi, kwa adabu na bila kutazama. Madame alikuwa ametenda haki, na kila Jumamosi alihakikisha tunajua imemgharimu. Sijui kama angeweza vinginevyo. Mtu aliyetupa kazi ya miaka hawezi kukaa meza moja na sababu yake akatabasamu.

Maman Furaha aliacha kuja. Halafu mwenye saluni akataka chumba cha kuwekea bidhaa zake, na Madame hakutafuta kingine. Alihama tena, safari hii bila kutuita kubeba maboksi. Tulisikia yuko Ghent. Tulisikia amerudi Kanada. Mwingine alisema amemwona Gare du Nord amesimama chini ya ubao wa safari za treni, bila mzigo. Mimi niliendelea kuandika, kidogo kidogo, wanangu wa chekechea wakilala mchana, na kila nilipomliza mhusika nilisikia penseli nyuma yangu.

Miaka ikapita. Papa Kasongo alikufa, kifo cha mzee, kitandani kwake, na matanga yakawekwa kwenye ukumbi wa parokia. Viti vilipangwa kuzunguka kuta, kwaya kwenye kona, Fanta na bia mezani, picha ya marehemu na tai yake ikitutazama sote. Watu wa Likasi walijaa. Nilikuwa nagawa vikombe nilipomwona Madame mlangoni, nywele nyeupe kabisa, koti jepesi kwa hali ya hewa ile.

Nilimkumbatia. Alikuwa mwepesi. Aliniambia anaishi karibu na Gare du Nord, anafundisha Kifaransa wageni waliofika juzi, na kwamba hao hawamcheki matamshi kwa sababu hawana pa kuyalinganisha. Nilimtafutia kiti. Kabla sijaondoka niliona watu wanasogea, na Maman Furaha anapita katikati yao na kitambaa chake cheusi, mkubwa, taratibu, hadi kiti cha pembeni. Akaketi.

"Neema, kaa," aliniambia. "Utanisaidia. Kifaransa yangu ya matanga ni mubaya." Kisha akamgeukia. "Madame. Unaandikaka bado?"

"Hapana. Wakati mwingine. Hapana."

"Na ule mwanamuke wangu? Ulimutia wapi?"

Madame alimtazama. "Nilimtupa. Kurasa zote. Wewe ulisema nisimchape."

Maman Furaha aliweka glasi yake sakafuni. "Nilisema usimuchape. Sikusema umutupe!"

Nikafasiri. Kwaya ilianza wimbo mwingine, na Maman Furaha akangoja ubeti uishe.

"Bon. Sasa nikuambie kitu, juu sasa hakuna tena wa kukasirika. Mama mukwe hakukufa."

Nilisahau kufasiri. Madame akanigusa mkono. "Anasema nini?"

"Anasema... mama mkwe wake hakufa."

"Wa kitabu yako njo alikufa," Maman Furaha aliendelea. "Wangu aliishi. Batu ba pale kijijini walimukuta asubui, bakamubeba, bakamulisha. Vita ilipotulia akarudi ku nyumba yake Bukavu. Tukajua kisha, tukiwa tumefika huku. Na kule Bukavu alihadisia kila mutu, ku soko, ku kanisa: muke wa mutoto wangu alienda kunitafutia mayi, niko namungojea. Ulitaka hiyo itoke ku Canada? Wifi yangu iko Montréal. Anasomaka bitabu byote!"

"Kwa nini hukutuambia?" Madame alisogeza kiti. "Siku ile ya kwanza. Kwa nini?"

"Ningesema nini? Mulikuwa munalia bote. Papa Kasongo ametosha lunettes ku macho. Weye mwenyewe, ku dirisha. Nikaona, ah, niache tu."

Niliogopa kumtazama Madame. Nilifikiria kitabu, darasa la Jumatano, miaka ile yote. Kwanza mabega yake yalitikisika. Akaziba mdomo kwa mkono wa koti, akainama, na nikajua anacheka, anacheka mpaka pumzi haitoki. Mama mmoja wa Likasi, akidhani ni huzuni, alikuja akampa kitambaa na kumsugua mgongo, akisema, "Pole, maman, pole, alikuwa mutu muzuri." Madame aliitikia kwa kichwa, akajifuta, na alipoinua uso yale machozi yalikuwa machozi kweli.

"Mliwahi kuonana tena?" akauliza.

"Hapana. Nilikuwa naita ku simu, kila Noeli, kila Pasaka. Anakatala kuikamata. Nasikia sauti yake nyuma: mumuulize kama amekwisha kupata mayi. Miaka yote hiyo. Ni mwaka jana tu, alikuwa mugonjwa, bugonjwa yake ya mwisho, nikaita, akasema bamupe simu."

"Akasema nini?"

Maman Furaha alikunjua kitambaa chake mapajani, akakikunja tena. "Akaniuliza: ilikuwa mbali? Mayi ile, ilikuwa mbali? Nikamuambia ndiyo, Mama, ilikuwa mbali sana. Akasema, bon, nilifikiria hivyo." Akaokota glasi yake. "Halafu akaniuliza watoto."

Nilifasiri hayo kwa shida. Madame hakusema ni hadithi nzuri. Hakusema iandike. Aliuliza bibi huyo aliitwa nani, na Maman Furaha akamwambia jina, na Madame akalirudia kwa matamshi yake ya shimoni, vibaya, hadi Maman Furaha akamsahihisha silabi moja moja. Ndipo chakula kikaletwa.

Siku mbili tatu baadaye Maman Furaha alinipigia simu. Alitaka kujua kama Madame anakula pilipili. Amemwalika Jumapili, alisema, na Jumapili zitakazofuata, amweleze habari za yule mama mkwe tangu mwanzo, tangu siku ya harusi, alivyokataa kucheza, alivyokuwa akihesabu nyama sufuriani.

"Anakuja na kalamu?" nikauliza.

"Nilimuambia akuye na njaa."